Naomba ushauri: meli ya Stockholm hadi Helsinki na mama, Januari

Hamjambo ndugu zangu. Naishi Hamburg, na mama amekuja kunitembelea kutoka Pemba. Wiki ya pili ya Januari nataka kumpeleka Helsinki, siku tatu tu. Ana miaka 64, magoti yanamsumbua, na hata boti ya Unguja humtapisha.

Nimekwama kati ya njia mbili. Ya kwanza ni treni hadi Stockholm kisha meli ya usiku, kama saa 16 hivi. Ya pili ni ndege hadi Helsinki, halafu akipenda tuvuke bahari kwenda Tallinn, Estonia, na kurudi, saa mbili na kitu kila upande. Moyo wangu uko kwenye meli ya usiku, maana mwanzoni inapita katikati ya visiwa vingi sana. Ila Januari huko jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo huenda akaona taa tu!

Kampuni ya meli nimeiandikia, wakanijibu maelezo ya jumla. Viatu vya barafu nimeshamnunulia.

Kwa aliyewahi kupanda meli hiyo Januari: huyumba kiasi gani ikishatoka visiwani, na chumba cha sitaha ipi ni afadhali kwa mtu wa kichefuchefu? Pia, ngome ya Suomenlinna, iliyo visiwani hapo Helsinki: kivuko ni dakika 15 tu, lakini zile njia za mawe zikiganda, mwenye magoti mabovu atazimudu?

Natanguliza shukrani.