Kumlazimisha mfungwa kazi Marekani: kufutwe kwenye katiba za majimbo au kubaki?

Wakuu, tujadili hili, hasa nyie mlioko Marekani mlioshapata uraia na kura mnapiga, maana swali hili linaletwa kwenye karatasi za kura jimbo baada ya jimbo na wengi wanatiki tu bila kujua wanatiki nini.

Kwa asiyefahamu, yale Mabadiliko ya 13 ya katiba ya Marekani ya mwaka 1865, yale tunayofundishwa kuwa ndo yalimaliza utumwa, yanasema utumwa na utumishi wa lazima ni marufuku isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe imeisha, majimbo ya kusini yakatunga sheria za kumdaka mtu mweusi kwa kosa la kuzurura tu, akishahukumiwa anakodishwa kwa wenye migodi, reli na mashamba, na jimbo la mwisho kuachana na biashara ya kukodisha wafungwa lilikuwa Alabama, 1928, yaani miaka zaidi ya 60 baada ya utumwa "kuisha". Kukodisha kukafa lakini ruhusa ikabaki, na katiba za majimbo kadhaa nazo zina ruhusa hiyo hiyo.

Sasa ndo watu wameanza kuifuta. Colorado walijaribu 2016 wakashindwa kwa tofauti ndogo mno ya kura kwa sababu swali liliandikwa kwa kuzungusha hadi watu hawakuelewa ndiyo ni ndiyo ya nini, wakarudi 2018 wakashinda kwa kishindo. 2020 zikafuata Nebraska na Utah, 2022 Alabama, Tennessee, Oregon na Vermont, 2024 Nevada. Louisiana 2022 iligoma, na pale kuna mkasa wake, mbunge aliyeleta hoja ndo huyo huyo aliyewaambia wananchi waikatae, maana ilishakarabatiwa bungeni mpaka ikawa inaacha upenyo mwingine.

Kilichoniuma mimi ni California. Jimbo linalojiita la wapenda haki, 2024 nao waliulizwa swali hili, hakuna hata mtu mmoja aliyepeleka hoja ya kupinga kwenye kile kitabu cha mwongozo wa wapiga kura, na bado asilimia 53 hivi wakasema hapana! Siku hiyo hiyo wakapitisha kwa kura nyingi sheria ya kuongeza adhabu kwa wezi na watu wa madawa, kwa hiyo nadhani walikuwa na hasira na wahalifu, wakaona hiyo nayo ni kuwadekeza.

Msimamo wangu: kazi jela iwepo, kulazimishwa kusiwepo. Ile hoja ya California haikufuta kazi kabisa, ilisema mfungwa asiadhibiwe kwa kukataa kazi, na anayekubali kwa hiari anaweza kupunguziwa kifungo.

Naona kuna waliokuja na hoja ya "tunawalisha kwa kodi zetu, wafanye kazi walipie". Ndugu zangu, mnajua wanalipwaje? California wengi wao hawafikishi dola moja kwa saa, Texas na Georgia karibu kazi zote ni bure kabisa. Kwa hela hiyo mtu atamlipa fidia aliyemuibia lini, atatuma nini kwa watoto? Alabama wengine wanatolewa gerezani asubuhi kwenda kufanya kazi kwenye viwanda na migahawa, wanafanya sawa na mtu huru, serikali inakata asilimia 40 ya mshahara kabla ya makato mengine, jioni wanarudishwa ndani. Kama ni mtu wa hatari mbona anaaminiwa kukukaangia chipsi? Kama si wa hatari, anafungiwa nini?

Mkuu uliyesema kubadilisha maneno ya katiba hakusaidii kitu, hapo umegusa penyewe. Colorado wafungwa walifungua kesi 2022 wakisema bado wanaadhibiwa wakikataa kazi, Alabama vile vile 2024. Adhabu zenyewe ni kuongezewa siku za kukaa ndani, kunyimwa simu ya nyumbani, kufungiwa peke yako. Ila bila yale mabadiliko wasingekuwa hata na kifungu cha kushika mbele ya jaji, ndo maana nasema yapitishwe kwanza halafu wabunge wabanwe watunge sheria inayosema wazi kuwa kukataa kazi sio kosa la nidhamu.

Na kabla hamjasema hayo ni ya Wamarekani, katiba ya Tanzania ibara ya 25 inasema kazi inayotokana na hukumu ya mahakama haihesabiki kuwa ya shuruti. Kenya 2010, ibara ya 30, wameandika tu mtu asilazimishwe kazi, hawakumtenga mfungwa. Kwa hiyo inawezekana kuandika hivyo na nchi ikaendelea kuwa na magereza.

Anayepinga naomba anijibu hili moja: mfungwa anaumwa mgongo, daktari wa jela kasema yuko fiti, askari anamuita shambani na yeye anasema sitoki. Afanywe nini?