Je, barabara kuu ikwepe mti kwa ajili ya viumbe wasioonekana?

Ndugu wasomaji,

Mwaka 1999, wahandisi waliokuwa wakipanga barabara mpya huko Latoon, katika kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, walijikuta wakibishana na watu juu ya mti mmoja wa miiba, wa aina ambayo wenyeji huiita sceach. Msimuliaji wa ngano Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwake, akieleza kwamba hapo ndipo majeshi ya aos sí, viumbe wasioonekana wa ngano za Kiayalandi, wa jimbo la Munster hukutana yanapokwenda kupigana na wenzao wa jimbo la Connacht. Mpango ukarekebishwa, mti ukaachwa. Nasita kuwaita aos sí majini, kwa kuwa neno hilo lina mambo yake. Wenyeji wenyewe huwaita “watu wema”, si kwa mapenzi bali kwa tahadhari, kama mtu anavyomsifu jirani mkali huku akihakikisha mlango umefungwa.

Mchangiaji aliyenitangulia amesema kwamba fedha za umma hazipaswi kutumika kubembeleza viumbe wa hadithini, na kwamba imani hizi zimewahi kuua. Hoja yake ya pili ndiyo nzito, nami sitaikwepa. Mwezi Machi 1895, huko Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary, Michael Cleary alimchoma moto mkewe Bridget, akidai kwamba mke wake halisi amechukuliwa na watu hao na kwamba huyo aliyelala kitandani akiugua ni kiumbe mwingine. Jamaa zake mwanamke, baba yake mzazi akiwa miongoni mwao, walikuwamo nyumbani. Baada ya hapo mume huyo alikwenda kukesha kwenye boma la kale la Kylenagranagh, akitarajia kumwona mkewe akitoka amepanda farasi mweupe. Mahakama ilimhukumu kwa kuua bila kukusudia. Imani inapopewa mamlaka juu ya mwili wa mtu, hapo mimi na mchangiaji huyo hatuna ugomvi.

Lakini Latoon hakuna aliyewekewa mkono. Kilichoombwa ni mchoro kusogezwa. Tena mchangiaji anasahau maboma yale ya mviringo, ya udongo, ambayo Ayalandi inayo kwa makumi ya maelfu, mengi yakiwa ni nyua za wakulima na wafugaji wa kati ya mwaka 500 na 1000 hivi. Vizazi vilivyofuata viliyahesabu kuwa makao ya aos sí, na kwa sababu hiyo mkulima aliyekuwa akilima shamba lake alifika ukingoni mwa boma akageuza farasi, akaacha miti ya miiba ijiotee. Hakusoma akiolojia, ila alijua babu yake hakupagusa. Matrekta na tingatinga zilipofika na hofu ikapungua, mengi yalisawazishwa, ingawa sheria ya kulinda mambo ya kale ilikuwapo tangu 1930. Kwa maoni yangu, hadithi iliyalinda maboma hayo vizuri kuliko karani yeyote.

Ninapotofautiana na Lenihan ni pale alipoonya kwamba mti ukiharibiwa kutatokea maafa barabarani. Hiyo ni hoja ya vitisho, na inampa mpinzani silaha bure: siku zikipita salama, atasema mti haukuwa na thamani yoyote. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliufyeka matawi yote kwa msumeno wa mashine, ukabaki shina tupu. Baadaye ukachipua tena.

Basi nawauliza wanaopinga: sheria hulinda boma kwa sababu lina umri na umbo linaloweza kupimwa; lakini mti ambao chini yake hakuna ukuta wala kaburi, na ambao kitu pekee ulicho nacho ni hadithi inayosimuliwa juu yake, mnataka ulindwe kwa kigezo gani, au mnasema wazi kwamba usilindwe kabisa?