Mrejesho: Besi iliyokuwa ikififia kwenye Hz 100

Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza kwa nini besi ilififia kwenye masafa ya Hz 100, pale spika za besi zinapopokezana na spika za juu (zile za sauti za kati na nyembamba). Nilifuata ushauri wa kupima umbali kwanza: spika za besi zilikuwa mita 2 mbele ya zile za juu, hivyo nilichelewesha sauti ya spika za besi kwa milisekunde 5.8 ili zote zifike pamoja, kisha nikageuza polariti yao (mwelekeo wa chanya na hasi wa mawimbi) kwa muda na kurekebisha ucheleweshaji kidogo kidogo hadi mlio wa Hz 100 ukakaribia kutoweka, dalili kwamba sauti zimelingana na zinafutana, ndipo nikairudisha polariti. Ngoma kubwa sasa inagonga kifuani. Limita (kifaa kinachozuia sauti isizidi kiwango) bado haijakaa sawa, kwani amplifaya hupasua sauti kabla limita haijaanza kuibana. Nitashusha kiwango ambacho limita huanza kubana baada ya kupima volti zinazotoka kwenye amplifaya.