Gari la dizeli linatimiza miaka 3: MOT ni sasa au mwaka wa 4?

BintiPangani:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mnaoishi Uingereza. Nina gari la dizeli, nimelinunua kwa mtu, na mwezi ujao linatimiza miaka 3 tangu lisajiliwe. Kazini wananiambia sheria imebadilika, MOT ya kwanza, yaani kile kipimo cha lazima cha usalama wa gari, siku hizi ni mwaka wa 4. Wengine wanabisha. Mimi nahudumia wazee majumbani hapa Leicester na zamu yangu inaanza alfajiri, gari likisimamishwa kuna bibi wa watu atachelewa dawa. Halafu taa ya injini imewaka tangu juzi, ingawa gari linakwenda vizuri tu. Nifanyeje?

MzeeKisauni:
Pole binti yangu. Hata mimi nimesikia ni miaka 4. Usijisumbue, subiri.

Belfast_Mwambao:
Shikamoo mzee. Naomba nitofautiane nawe hapo. Miaka 4 ni huku kwetu Ireland ya Kaskazini, na huku gari linapimwa kwenye vituo vya serikali tu. England, Scotland na Wales ni miaka 3. Dada yuko Leicester, akisubiri atakamatwa.

FundiTandika:
Dada, uvumi huo una mahali ulipotoka. Januari 2023 serikali ilianza kukusanya maoni kuhusu kuisogeza MOT ya kwanza kutoka mwaka wa 3 hadi wa 4, kwa hoja kwamba magari ya sasa ni imara na wenye magari watapunguziwa gharama. Januari 2024 ikatangaza kwamba miaka 3 inabaki palepale. Watu wengi walisikia pendekezo, jibu halikuwafikia. Binafsi nilifurahi sana. Gari la kazi kama lako, linalowashwa na kuzimwa mitaani kutwa, linaweza kumaliza tairi na breki kabla ya miaka 3, na anayepita barabarani hajui gari lako lina umri gani.

Mabadiliko yaliyopita kweli ni ya tarehe 20 Mei 2018, na hayo ndiyo yanayokuhusu. Tangu siku hiyo kasoro zinapangwa kwa uzito: ndogo, kubwa, na ya hatari. Ndogo unapita nayo ila urekebishe mapema. Kubwa umefeli. Ya hatari umefeli na gari haliruhusiwi kuingia barabarani mpaka litengenezwe. Ukikamatwa nalo faini inafika pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni.

Dizeli ndiyo iliyobanwa zaidi. Wakiona moshi wa rangi yoyote ukitoka kwenye ekzosi, au dalili kwamba filta ya masizi imechokonolewa, umefeli. Na hiyo taa ya injini kwa gari la umri wa lako ni kasoro kubwa, hata kama gari linakwenda vizuri. Mwone fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla ya kwenda kupima. Na kwa kuwa umelinunua kwa mtu, mwambie aangalie kama filta ipo kweli. Akikushauri muitoe ili gari liwe jepesi, ondoka kwenye gereji yake.

BintiPangani:
Asante sana kaka, Mungu akubariki. Likifeli naweza kurudi nalo nyumbani? Na bei?

FundiTandika:
Nenda mapema. Ukipima ndani ya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya tarehe yako, tarehe ya mwakani haibadiliki, hupotezi kitu. Likifeli wakati tarehe haijafika, unaweza kuondoka nalo mradi hawakuandika kasoro ya hatari na gari liko salama kuendesha. Tarehe ikishapita bila cheti, ruhusa ni kwenda kwenye kipimo ulichokwisha kuweka nafasi, au kutengenezwa. Zaidi ya hapo faini inafika pauni 1,000. Ada ya gari dogo haizidi pauni 54.85. Ukiliacha palepale litengenezwe na kupimwa tena ndani ya siku 10 za kazi, hawakutozi ada nyingine ya kipimo.

Belfast_Mwambao:
Na tarehe yenyewe usiikadirie kichwani, dada. Ingia kwenye tovuti ya serikali, andika namba ya gari, utaiona bure. Kisha weka nafasi siku usiyokuwa na zamu.

MzeeKisauni:
Binti, fuata ya hawa vijana. Nami la mwanangu liko Luton, nampigia sasa hivi.