Mrejesho: Boxster iliyotumika au MX-5 mpya?

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kati ya magari mawili ya michezo ya viti viwili, nichukue Mazda MX-5 mpya au Porsche Boxster ya 2003 iliyotumika. Nimechukua MX-5.

Boxster niliiendesha, na ile sauti ya silinda 6 nyuma ya mgongo bado inanijia usiku. Ila mlinishauri niulizie beringi ya shafti ya kati ndani ya injini, ile ambayo ikivunjika injini nzima imekwenda. Kuibadilisha lazima gia boksi ishushwe, na muuzaji hakuwa na karatasi hata moja ya matengenezo. Fundi wangu alicheka tu.

MX-5 haina nguvu zile, lakini ni nyepesi, kwenye kona inafuata usukani kama kivuli. Buti? Mabegi mawili madogo, basi.