Naombeni ushauri: mdogo wangu amekataa shamba, lakini usiku kucha analima kwenye simu

Dada wa Kihesa
Habari za usiku wanajamvi. Naishi na mdogo wangu wa kiume hapa Iringa, ana miaka 27. Mwaka juzi alikodi ekari moja Ilula akalima nyanya. Zilikubali mno. Wakati wa kuvuna bei ikaporomoka, dalali akataja bei ya tenga isiyorudisha hata hela ya dawa. Akauza hivyo hivyo, nyanya haisubiri. Tangu hapo hataki kusikia habari za kilimo, hata shamba la mama mdogo amelikataa, yuko duka la vifaa vya ujenzi.

Sasa kila akishakula anajifungia na gemu inaitwa Stardew Valley. Nimechungulia: kijitu kinamwagilia tuta kwa tuta, kinalisha kuku, kinavua samaki, kinalala. Kikiamka ni yale yale. Hadi saa saba usiku! Mtu aliyekimbia jembe anapata raha gani humo? Nimnyang'anye simu? Naogopa, amekuwa mkimya sana.

Fundi Redio
Dada, miaka 27 si mtoto. Jembe lipo, ardhi ipo. Mpe mwezi mmoja akajitegemee.

Mzee wa Vitunguu
Fundi, umewahi kuuza nyanya wewe?

Dada, hiyo gemu nimeicheza miaka mitatu. Unaanza na mbegu 15 za parsnip, mzizi kama karoti nyeupe. Unamwagilia, baada ya siku nne unang'oa. Mbegu moja dukani ni sarafu 20 za humo, zao lake ukiliweka kwenye sanduku la mauzo pale pale nyumbani unalipwa 35. Mwaka ujao ni 35 ile ile. Ukisahau kumwagilia siku moja mmea haufi, unakungoja. Televisheni ikisema kesho mvua, kweli inanyesha. Msimu una siku 28, na ukiisha mazao mengi yanakauka, lakini tarehe hiyo unaijua tangu siku ya kwanza. Sasa rudi usome ulivyoandika kuhusu Ilula. Huyo kijana hajakimbia jembe. Anashika jembe lisilomdhulumu.

Ila mwangalie kwenye saa za kucheza. Siku moja ya humo ni kama dakika 14, kila ikiisha unasema ngoja niongeze moja.

Binti Mkunazini
Niko Uingereza, nauguza wazee. Mwaka 2020 tulipofungiwa ndani nilikuwa na gemu ya Animal Crossing: New Horizons, iliyotoka Machi 20 mwaka huo. Kazi yangu humo ilikuwa kuokota makombe ufukweni na kusalimia majirani. Unajengewa nyumba kwa mkopo wa Tom Nook, mhusika wa humo, hauna riba wala tarehe ya mwisho. Nyie mnaoijua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mtanielewa! Nilisoma kwamba aliyeanzisha gemu za Animal Crossing, Katsuya Eguchi, alihama Chiba kwenda kufanya kazi Kyoto, akawakumbuka sana ndugu na marafiki, wazo likatokea hapo. Nikitoka zamu ambayo tumempoteza mtu, nilitaka tu mahali ambapo hakuna anayekufa.

Usimnyang'anye. Kaa pembeni yake, muulize amepanda nini.

Mama Tunu
Mshukuru Mungu si mikeka ya kubeti. Hiyo analipia mara moja tu, na hata bando haili. Ila akianza kuacha kula au kutokwenda kazini, hapo mpeleke akaongee na mtaalamu, usichelewe.

Dada wa Kihesa
Nimerudi. Asanteni sana, nimelia nikisoma.

Jana nilimpelekea chai nikakaa kitandani kwake. Nikauliza umepanda nini. Akasogeza kioo nione: nyanya, safu nne, zimewiva. Akasema, "Dada, hizi nimeshazichuma mara tatu, na bei haijashuka." Kisha akanyamaza, na mimi sikumharakisha. Baadaye akanisimulia siku ile ya dalali, mambo ambayo hakuwahi kuniambia, hata kwamba alilala palepale shambani kwa kuona aibu kurudi nyumbani.

Tumekubaliana saa tano simu inakaa sebuleni. Shamba la mama mdogo sijaligusia.

Nilipokuwa natoka na vikombe akaniuliza tenga Ilula siku hizi linakwenda bei gani. Sikuwa na jibu. Kama kuna mtu yuko Ilula, naomba bei ya leo.