Muuza bledi za bendisoo, kuuliza "unakata nini?" kunakugharimu shilingi ngapi?

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, na kwa fundi mbao hiyo si dalili nzuri.

Juzi bledi ya bendisoo yangu, ule msumeno wa mkanda unaozunguka kwenye puli mbili, iliisha meno. Nikaingia duka moja Kariakoo, kijana akaniuliza swali moja tu: "Urefu?" Nikamjibu milimita 2375, mashine ya puli za inchi 14. Nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba napasua mninga, inchi 2 kwa 6 imesimama kwa ubavu, natoa paneli za milango ya kabati. Akaitikia kwa kichwa, akashusha boksi. Meno madogo madogo kama ya panya. Nikahoji. "Bro, hii ndiyo yenyewe, meno mengi inatoka laini." 65,000 ikanitoka.

Mninga mkavu siku hizi mnajua shughuli yake. Nimefunga, nimekaza, beringi za juu zinazoongoza bledi nimeshusha hadi karibu kugusa mbao, nikaanza kusukuma. Hata futi moja haijafika, moshi! Vumbi halitoki, linasagika humo humo. Bledi ikajitafutia njia yake: juu inafuata mstari, chini imeshahama. Nilipotenganisha vipande, ukingo mmoja milimita 20, wa pili 9, katikati kuna tumbo kama dau. Na weusi wa kuungua juu yake.

Ndipo nikasoma maandishi kwenye bledi, saa mbaya: 10/14. Yaani meno yanapishana kati ya 10 na 14 kwa kila inchi. Hiyo ni ya mabomba na vyuma vyembamba! Pigeni hesabu wenyewe: mbao ina kimo cha inchi 6, meno 60 na ushee yako ndani kwa wakati mmoja, na kibonde kati ya jino na jino hakitoshi hata kichwa cha kiberiti. Huo unga wa mbao uende wapi? Kwa kimo hicho unataka meno 3 kwa inchi, mabonde mapana, kila jino libebe unga wake hadi litokee chini. Meno mengi ni ya plaiwudi na mbao nyembamba, hapo sibishi.

Nimerudi nayo. Mwenye duka kanionyesha risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Halafu eti nimekaza vibaya, eti mbao yangu mbichi. Mbichi! Mninga uliolala stoo mwaka mzima! Nikamuuliza, hii ni ya chuma au ya mbao? "Bledi ni bledi, mzee."

Kosa langu ni moja, kulipa kabla ya kusoma namba. Hilo nalibeba.

Sasa mteja anataka kabati lake Ijumaa. Anayejua inakopatikana ya upana wa nusu inchi, meno 3 kwa inchi, urefu huo huo, anielekeze. Au fundi anayekata kutoka kwenye roli la bledi na kuchomelea kiungo kikalala vizuri, sio kile kinachogonga ta-ta-ta kila kikipita. Na msije mkaniambia nifunge ya upana wa inchi moja, springi ya kukazia bledi ya mashine hii haina ubavu huo.

Ile 10/14 nimeitundika ukutani. Mchomelea mageti mwenye mashine ya urefu huo aje na elfu 30, aondoke nayo.